Vitabu vya gamba gumu vya majalada ya komiki za kutisha: kuchagua, kuagiza na kutunza ukiwa Mombasa

Kitabu kikubwa cha majalada ya komiki huwa kimechapwa kwenye karatasi ya kung'aa iliyopakwa udongo mweupe mwembamba ili rangi isimame. Karatasi hiyo ikilowa, udongo huo huwa gundi, na kurasa mbili zikishashikana hazibanduki tena bila kuchunana picha. Hewa ya Mombasa, kwa upande wake, hukaa juu ya unyevu wa asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ndiyo maana mkusanyaji wa Pwani hana budi kuangalia mshono na karatasi kwanza, bei baadaye. Kitabu cha rahisi kilichogandishwa kwa gundi tupu huwa cha ghali ukikinunua mara ya pili.

Tuelewane maneno mawili. Humu, jalada ni ile picha ya mbele ya komiki, ambayo ndiyo tunayoikusanya. Gamba ni ubao mgumu wa kitabu chenyewe.

Amua unakusanya kipindi gani

Majalada ya kutisha ya Marekani yana mafungu matatu, na kila fungu lina shida yake ya uchapaji.

Fungu la kwanza ni la kabla ya kanuni ya 1954. Komiki ya kutisha ya kutoka mfululizo ilianza 1948 na Adventures into the Unknown. Mwaka 1950 kampuni ya EC ya William Gaines ikatoa Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear, na wengine wakafuata mbio. Wachoraji wa kuwatafuta hapa ni Johnny Craig, Graham Ingels na Jack Davis wa EC, Lee Elias wa Harvey, Bill Everett na Russ Heath wa Atlas, kampuni iliyokuja kuitwa Marvel, na L. B. Cole, aliyependa weusi mzito uliopigwa rangi kali kama za bango la sinema. (Harvey ni hao hao ambao baadaye walijulikana kwa kizuka mpole Casper. Biashara ni biashara.) Aprili 1954 kamati ya Seneti ya Marekani ilimhoji Gaines hadharani. Mwaka huo huo wachapishaji wakajiwekea kanuni iliyokataza hata neno la kutisha kuwa katika jina la komiki. Uingereza ikapitisha sheria yake ya kuzipiga marufuku mwaka 1955.

Fungu la pili ni magazeti ya kampuni ya Warren: Creepy kuanzia 1964, Eerie 1966, Vampirella 1969. Haya yalikuwa na ukubwa wa gazeti la kawaida, si wa komiki, hivyo kanuni haikuyagusa, na majalada yake ni michoro ya rangi ya mafuta, ya Frank Frazetta ikiwa mbele.

La tatu huanza mwishoni mwa miaka ya 60 na kushika kasi kanuni ilipolegezwa 1971: House of Mystery na House of Secrets za kampuni ya DC, zenye mikono ya Neal Adams na Bernie Wrightson, kisha Marvel na Dracula wao.

Chagua fungu moja la kuanzia. Anayenunua kila kinachotisha hujaza rafu kwa vitabu vinavyorudia majalada yale yale 40 mashuhuri. Kabla ya kulipia kitabu, tafuta orodha ya yaliyomo, uilinganishe na picha zilizomo kwenye Grand Comics Database, orodha ya komiki iliyo mtandaoni, uhesabu ni majalada mangapi huna. Yakipungua theluthi moja ya kitabu, kiache.

Angalia pia aina ya kitabu. Vitabu vingi vinavyouzwa kama hazina ya komiki ni hadithi nzima zilizorudiwa, na kila toleo lina jalada moja tu kwa kurasa 30 na zaidi. Ni vizuri kuvisoma, ila vya kuangalia majalada si hivyo. Unachotaka ni jalada moja ukurasa mmoja, likiwa na jina la mchoraji, namba ya toleo, mwezi na mwaka chini yake. Kitabu kisichotaja mchoraji kimetengenezwa kwa haraka, na haraka hiyo utaiona hadi kwenye rangi.

Picha imetoka wapi?

Hapa ndipo vitabu vinapoachana. Gaines aliihifadhi michoro ya asili ya EC karibu yote, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70 ikaanza kuuzwa kwa mnada. Kwa hiyo jalada la EC linaweza kupigwa picha kutoka kwenye wino wenyewe. Michoro mingi ya kampuni nyingine za wakati ule ilitupwa au ikapotea, na mhariri hana ila kuiskani komiki iliyochapwa, ambayo karatasi yake imepiga manjano na wino wake uliwekwa kwa vidoti.

Nunua lenzi ya kukuza mara 10, kama ile ya sonara. Iweke juu ya uso wa mtu kwenye jalada, si juu ya sehemu nyeusi. Kitabu chochote kilichochapwa kwa rangi kitaonyesha vidoti vidogo vya samawati, majenta, manjano na nyeusi. Hilo si kosa. Kosa ni kuona vidoti vikubwa vya zamani ndani ya vidoti vipya, vikapigana na kutoa mawimbi kama kitambaa cha hariri. Mawimbi hayo huonekana hata bila lenzi ukikishika kitabu mkono mzima kutoka usoni. Yametokea kwa sababu komiki iliskaniwa kwa usahihi mdogo, au picha ilipunguzwa ukubwa bila kulainishwa.

Kosa la pili ni kusafisha kupita kiasi. Mhariri hutaka karatasi ya manjano iwe nyeupe pe, akavuta mwanga hadi mistari myembamba ya kalamu ikatoweka, kisha akavuta weusi hadi mikunjo ya nguo ikawa doa moja. Kwa Cole ni hasara kubwa, kwani weusi wake una umbo ndani yake. Kati ya ukurasa uliobaki na manjano yake na uliofuliwa namna hii, chukua wa manjano.

La tatu ni kukatwa. Komiki ya miaka ya 50 ina takriban sentimita 18.5 kwa 26. Kitabu cha sentimita 23 kwa 30.5 ni kipana zaidi kwa kulinganisha na kimo chake. Ukijaza ukurasa wote kwa picha, upana ukifika 23, urefu unataka 32.3. Sentimita 1.8 zimeliwa, juu au chini au kote kuwili. Linganisha na Crime SuspenStories namba 22, jalada la Johnny Craig lenye mwanamume mwenye shoka akiwa ameshika nywele za kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Mbele ya kamati Gaines alijitetea kwamba lingevuka mpaka lau kichwa kingeinuliwa zaidi kidogo shingo ikaonekana ikichuruza damu. Ubishi wote ule ulikuwa juu ya sentimita chache za chini ya picha, nawe unauziwa kitabu kilichozikata. Tafuta kitabu kinachoacha ukingo mweupe au mweusi kuzunguka jalada zima.

Mshono

Simamisha kitabu, ukitazame kutoka juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Kilichoshonwa huonyesha mafungu madogo yaliyokunjwa, yamepangana kama matao. Fungua katikati ya fungu moja, kwa kawaida kila baada ya kurasa 16, utauona uzi. Kisichoshonwa kina ukingo ulionyooka kama mkate uliokatwa kwa kisu, na gundi tu.

Gundi inayotumika mara nyingi huwekwa ikiwa ya moto na hulegea tena kwa joto. Kitabu cha kilo 2 kikiachwa kwenye gari lililofungwa vioo wakati wa foleni ya Likoni kinaweza kuanza kuachia kurasa za kati siku hiyo hiyo. Gundi tupu pia haikubali kitabu kulala wazi, hivyo picha iliyotanda kurasa mbili humezwa katikati kwa milimita 5 hadi 10 kila upande. Katika majalada hapo ndipo mara nyingi panapokaa uso wa mzimu.

Kuagiza

1. Mwombe muuzaji picha sita: pembe nne za gamba, mgongo kutoka juu, ukurasa wa haki za uchapaji, katikati ya kitabu kikiwa wazi, kingo za kurasa, na gamba la mbele likipigwa mwanga wa ubavuni. Mwanga wa ubavu huonyesha mikwaruzo na mawimbi ambayo picha ya kawaida huyaficha.

2. Soma mstari wa namba kwenye ukurasa wa haki, kama 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Namba ndogo iliyobaki ndiyo chapa. Ukikuta 3 ndiyo ya mwisho, ni chapa ya tatu, hata muuzaji akiapa ni ya kwanza. Chapa ya baadaye si mbaya. Wakati mwingine rangi zimesahihishwa. Usiilipie tu bei ya kwanza.

3. Tazama kingo za kurasa kwa doa au mstari wa kalamu nene. Hiyo ni alama ya mabaki yaliyouzwa kwa bei ya kutupa. Kitabu ni kizima, ila alama hiyo haitoki, na bei ifuate.

4. Piga hesabu ya uzito mwenyewe: upana kwa urefu kwa mita, mara idadi ya karatasi (kurasa gawa kwa 2), mara uzito wa karatasi kwa mita ya mraba. Kitabu cha kurasa 240 cha sentimita 23 kwa 30.5, karatasi ya gramu 150, kina gramu 1,260 hivi za karatasi. Ongeza gramu 300 hadi 400 za gamba. Ukiambiwa kina gramu 900, ama karatasi ni nyembamba na picha ya nyuma itapenya, ama umeandikiwa uongo.

5. Makampuni mengi ya kubeba kwa ndege hutoza pia kwa nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000, kisha hutoza kubwa kati ya hiyo na uzito halisi. Boksi la 40 kwa 32 kwa 10 ni kilo 2.56, japo ndani mna kitabu cha kilo 1.6. Vitabu viwili katika boksi moja ndivyo vinavyoleta nafuu.

6. Elekeza ufungaji kwa maandishi: kitabu ndani ya plastiki, kati ya kadibodi mbili zinazokizidi sentimita 2 kila upande, kisha boksi la kuta mbili lenye sentimita 5 za kujazia pande zote. Pembe iliyobonyea hairudi.

Kwenye forodha, vitabu vilivyochapwa, namba 4901, havina ushuru wa kuingiza katika Afrika Mashariki. Lakini VAT ya asilimia 16 ipo, pamoja na ada za tamko la uagizaji na za reli, na zote hukokotolewa juu ya thamani ya forodha. Ankara iandikwe kitabu cha sanaa, idadi na bei ya kweli. Jihadhari na vitabu vya majalada ya Italia ya miaka ya 70: mengi yana uchi, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakataza vichapo vya ngono. Kikizuiliwa, umepoteza kitabu na nauli.

Kinapofika

Usikirarue papo hapo. Kitabu kilichotoka nchi yenye hewa kavu kikakutana ghafla na hewa yetu hujikunja gamba. Kiache ndani ya boksi lake saa 24 hadi 48. Kisha uondoe ile plastiki iliyobana. Wengi huiacha wakidhani wanahifadhi thamani, kumbe huvuta gamba likapinda na kufungia unyevu ndani.

Mara ya kwanza kifunguliwe kwa adabu. Kisimamishe kwa mgongo wake juu ya meza, laza gamba la mbele, halafu la nyuma. Laza karatasi 10 za mbele, ukipitisha kidole taratibu kwenye bonde, kisha 10 za nyuma, hivyo hivyo hadi katikati. Mikono iwe imeoshwa ikakauka. Gamba jeusi lisilong'aa hushika alama ya kidole chenye mafuta ya nazi, na hakuna kitambaa kitakachoitoa.

Kava la karatasi linalofunika gamba lilindwe kwa plastiki ya polyester, ile inayouzwa kwa jina la Mylar, iliyokunjwa bila kugandishwa. Usitumie plastiki laini ya kufunikia madaftari ya shule: nyingi ni PVC, hutoa mafuta yanayonata na kung'oa wino. Selotepu isiguse kitabu kamwe.

Kabati

Mwambie seremala atumie mvule au plaiwudi inayohimili maji, unene wa milimita 18, nafasi kati ya nguzo isizidi sentimita 60. Vitabu hivi hufika kilo 60 kwa mita moja ya rafu, na chipbodi au MDF hufura kwa unyevu na kupinda kabla mwaka haujaisha. Rafu ya chini iwe sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni. Mgongo wa kabati uwe sentimita 5 mbali na ukuta, na kamwe usiwe ukuta wa nje. Kwa nyumba za Mji wa Kale ongeza umbali, maana mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini yakapanda hadi kiunoni.

Badala ya mlango wa kioo unaofungia hewa, tundika pazia la marikani kutoka Biashara Street. Lifue mara mbili kwanza litoke wanga, kwani wanga ndiyo chakula cha wale vijidudu vya fedha vinavyotambaa mbio ukifungua kabati. Kitabu kinachozidi kilo 2.5 kilazwe, visipandane zaidi ya vitatu. Kikisimama, kurasa huvuta kwa uzito wake na kung'oka kwenye gamba.

Na kabati lisikae chumba kinachofukizwa udi au ubani. Moshi huo una mafuta, hutua juu ya kurasa, na harufu haitoki miaka.

Unyevu

Nunua kipima unyevu, usikiamini hadi ukijaribu. Weka kijiko cha chumvi kwenye kifuniko cha soda, kidondoshee maji hadi iwe kama mchanga wa pwani uliolowa, isiyeyuke. Fungia kifuniko na kipimo ndani ya mfuko wa zipu, uache saa 8 hadi 12. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 69, andika nyuma yake +6.

Juu ya 65 mfululizo koga huanza. Lenga 50 hadi 60. Kwa vitabu vyako bora tumia sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) ya rangi ya machungwa, gramu 500 kwa sanduku la lita 50. Mzigo wa kwanza utajaa maji ndani ya siku chache na utadhani umeuziwa feki. Sivyo: maji hayo yanatoka ndani ya karatasi zenyewe. Badilisha mara mbili tatu ndipo patulie. Iliyogeuka kijani ikaushwe kwenye oveni kwa nyuzi 120 saa 2 au 3. Ya buluu usiilete jikoni, ina kobalti ambayo ni sumu. Vile vipakiti vya sanduku la viatu ni vidogo mno, na makaa kwenye kabati huondoa harufu, si maji.

Kiyoyozi cha kuwashwa usiku na kuzimwa asubuhi ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu unyevu hupanda na kushuka kila siku na gamba hufuata. Pangaboi la polepole linalokaa likizunguka linafaa zaidi. Gamba lililopakwa plastiki nje likianza kupanua mdomo, ni kwamba upande wa ndani umenyonya maji na kutanuka, wa nje haukuweza. Lipeleke kwenye sanduku lenye silika siku 4 au 5, ndipo uliweke chini ya uzito. Ukilikandamiza bado lina unyevu, litarudi palepale.

Kagua kila kitabu Machi, kabla masika haijaingia, na tena Juni. Usivianike juani kama mpunga. Manjano na majenta ndizo zinazokufa kwanza. Kivuli chenye upepo kinatosha. Majani makavu ya mwarobaini ndani ya kifuko cha nguo, chini ya rafu, hayaui wadudu ila yanawasumbua. Yasiingie kati ya kurasa, yanatia doa. Njia za udongo ukutani ni mchwa: hamisha vitabu vyote leo, umwite mpiga dawa kesho.

Koga ikionekana, kifungie kitabu kwenye mfuko kwanza, ukitoe nje ya nyumba, uvae barakoa, ukiache kikauke kivulini ndipo upanguse kwa brashi laini ukielekeza vumbi mbali nawe. Koga mbichi ukiipangusa unaipaka.

Kikilowa

Una kama saa 6. Usikiache kikauke kimefungwa. Kama ni maji ya bahari au ya mtaro, kisuuze kwanza kwa maji safi huku kikiwa kimefungwa kwa mkono. Kisha tenganisha karatasi moja moja kikiwa bado kimelowa, ukiweka karatasi ya nta ya kuokea kati ya kila mbili, na feni ikipiga kwa ubavu. Vikiwa vingi, vifungie kila kimoja kwenye plastiki, uviweke kwenye friza ili visishikane, kisha utoe kimoja kimoja. Kurasa zilizokwisha gandana usizilazimishe kwa kisu. Kilichokauka kitakuwa na mawimbi. Kikae peke yake mwezi mzima, mbali na wenzake, ndipo kirudi rafuni.